Mwavuli Msumarini

Nyumba yetu pale kijiji cha misheni, Bagamoyo, ilikuwa na msumari mmoja tu. Mapadri waliupigilia kwenye nguzo siku tulipooana, wakatundika msalaba. Mume wangu, Mungu amrehemu kama anaweza, aliuondoa msalaba siku aliponunua mwavuli.

Mwavuli mweusi, wa dukani kwa Mhindi wa Dunda. Aliutolea mihogo ya shamba zima, tukala mchicha hadi meno yakataka kuota majani. Kila alfajiri aliupangusa vumbi yeye mwenyewe bado ana tongotongo. Sala ya asubuhi nani aikumbuke? Jua likiwaka aliukumbatia kwapani, ati utapauka.

"Na msalaba?" nikamuuliza.

"Nimeuweka kwenye tenga la kuku. Hauvujiwi kule."

Kuku mwenyewe alikuwa mkorofi, alishamdonoa hata mwalimu wa dini. Akauatamia msalaba pamoja na mayai yake, basi, nani athubutu?

Nikajifungua mtoto, mnyonge mnyonge. Nilitaka abatizwe Jumapili ileile. Lakini padri wetu kwanza huja nyumbani kutazama kama mnasali. Jirani alikutwa na hirizi mlangoni, mwanawe akangojeshwa mpaka Pasaka.

"Tumsifu Yesu Kristo!" Huyo, kaingia.

"Milele, amina," tukaitikia.

Padri katoka juani, ndani giza. Akapiga magoti moja kwa moja mbele ya msumari, nasi nyuma yake. Mwavuli ukasaliwa rosari nzima. Mimi naomba: Mungu, mpofushe kidogo tu, mpaka amina.

Alipojiinua akashika nguzo, mkono ukagusa kitambaa.

"Huyu ndiye mnayemwomba?"

"Ni wa mvua tu, baba padri."

Wa mvua! Haukuwahi kuonja tone.

"Na msalaba uko wapi?"

Mume wangu akatazama tenga, kisha akatazama miguu yake. Nikaenda mimi. Kuku akanidonoa mpaka damu, nikautoa msalaba na mavi yake.

Padri akautazama, akautazama mkono wangu.

"Mlete mtoto Jumapili, mama. Na mwavuli uje, umfunike."

Jumapili mvua ikamwagika. Mimi na mtoto tulikwenda kanisani wakavu. Mume wangu alilowa chepechepe, anatukimbilia nyuma, analia:

"Taratibu, mke wangu! Utauchana!"