Doa la Begani

Leo nimeomba msamaha kwa doa ambalo halikuwa doa.

Mama Hadija alikuja dukani kwangu, hapa Rwezamenyo, kuchukua gauni lake la krimu la kuvaa harusini. Akalikagua.

"Fundi, hii doa ya begani imetoka wapi?"

Kweli lilikuwepo. Dogo kama ukucha, rangi ya majivu, lina mistari ya mawimbi. Nikaomba msamaha, nikaapa sijui. Nikachukua kitambaa chenye maji.

Kugusa tu, doa likaruka!

"Yebabawe, nondo! Amekula nguo yangu!"

Nikamwambia hapana, mama. Huyu alikula majani tu, namfahamu.

(Mwezi uliopita alikuwa kiwavi kwenye waridi langu la mlangoni. Anajikunja, anajinyoosha, kama anapima tawi kwa futi. Nikamwacha, ni fundi mwenzangu. Baadaye akajizika kwenye udongo wa chungu cha waridi.)

Mama Hadija akalivaa gauni. Akajitazama kwenye kioo, muda mrefu.

"Sasa hapa begani iko wazi sana. Unishonee mwingine kama yule."

Basi niko juu ya stuli, uzi wa majivu mkononi, nondo yuko darini na hatulii.

Mistari ni mitatu au minne? Mnaojua semeni, harusi ni kesho.