Konokono Mwenye Jina Langu

Mdogo wangu ni mtu mwaminifu. Naanza na hilo kwa sababu majirani wanadhani alihongwa, na pamoja na hasira yangu yote sitaki asingiziwe. Angehongwa ningemwelewa.

Tulimwita Hadubini tangu utotoni, maana hakuweza kula pera bila kulipasua kwanza atafute funza, na akimpata, pera alilisahau. Wazazi walipofariki nikabaki naye mimi. Nyumba yetu iko chini ya kilima cha mawe ya chokaa, na chini ya kilima ilitoka chemchemi, maji membamba yasiyokatika hata kiangazi. Kwa maji hayo nilimwagilia kitalu changu cha miche, na kwa miche hiyo akasoma mpaka chuo kikuu.

Alipotakiwa kuandika tasnifu ya udaktari, jambo la kuandika alilikuta hapa hapa nyumbani. Kwenye mawe ya chemchemi walikuwapo konokono weusi, wadogo kama punje ya mtama, ambao mimi nilikuwa nikiwakanyaga tangu nipate miguu. Kwa nje hawana tofauti na wale wa mitaroni. Tofauti iko ndani, na huioni mpaka umpasue. Akapasua mia sita.

"Wote hao wa nini?" nikamuuliza.

"Kumi hawatoshi, Dada. Wasahihishaji watasema nimebahatisha."

"Na ukiwamaliza?"

"Nimechukua upande mmoja tu. Wako wengine."

Ikaonekana ni aina ambayo haikuwa imeandikwa na mtu yeyote, wala haipatikani kwingine. Aliyegundua ndiye anayetoa jina, naye akampa jina langu. Nililia siku hiyo, sitaficha. Sikuwa na mtoto wala cheti, lakini nilikuwa na konokono.

Chuoni alifundisha miaka tisa, katika ofisi aliyogawana na friji mbovu. Kila alichoandika, mkuu wa idara alitanguliza jina lake mwenyewe. Mwishowe mkuu huyo akamwambia waziwazi kwamba konokono hawajengi idara, na mdogo wangu, ambaye hajui kugombana, akaenda kwenye kampuni ya dawa za mashambani.

Huko alipewa koti jeupe na chumba chenye kiyoyozi. Walikuwa wanatengeneza dawa ya kuua konokono wanaokula mboga, na ili wajue kipimo kidogo kabisa kinachoua, walihitaji mnyama asiye sugu. Walijaribu aina tatu, zote zikawa na vichwa vigumu. Ndipo akakumbuka nyumbani. Alinipigia simu akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu ahitimu.

"Dada, wa kwako wanakufa vizuri sana. Asubuhi dawa, mchana wameisha. Niokotee wengine."

Nikaokota. Simsukumii lawama yeye peke yake, mikono ilikuwa yangu. Kila Alhamisi, kwa miaka miwili, nilijaza ndoo maji na majani mabichi, nikawatia humo, na gari la kampuni likaja kusimama mlangoni kwangu majirani wakiona. Nilivimba kichwa kwa ajili ya gari lile. Mwaka wa pili ilinibidi nigeuze mawe mengi ndipo nipate kikombe kimoja, na nikamwambia. "Ni kiangazi tu," akajibu. "Wako wengine." Dawa ikaingia sokoni, wakubwa wakapiga makofi, kisha maabara ikahamishiwa nchi nyingine na yeye akarudi na vitu vyake kwenye boksi.

Akanunua viatu vya soli nene, akawa mshauri wa mazingira. Kazi yenyewe ni kutangulia mbele ya matingatinga na kuandika kinachoishi pale. Aliifanya vizuri. Hakuna barabara wala kiwanda kilichozuiwa na ripoti zake, ila kila kilichokufa kilikuwa kimeandikwa kwa usahihi.

Kisha kiwanda cha saruji kikakitaka kilima chetu. Sheria ilisema kwamba kama kuna kiumbe hai kisichopatikana kwingine, kilima hakiguswi. Wakamwajiri mdogo wangu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewajua konokono wale, na huku chini sote tukashusha pumzi. Mtoto wa nyumbani ndiye anayeandika, tuogope nini?

"Andika tu kwamba wapo," nikamwambia siku aliyofika, kabla hajamaliza chai.

"Nikiandika bila kuona ni uongo, Dada."

"Basi nenda ukaone."

Tulitafuta siku kumi na nne, yeye na chekeche, mimi na mikono. Tulipata maganda matupu. Siku ya kumi na tatu niligeuza jiwe karibu na mdomo wa chemchemi na kumwona mmoja, anatembea. Nilimwita mdogo wangu kwa sauti ya chini, kana kwamba konokono angekimbia. Akapiga magoti, akamchukua kwa brashi laini.

"Mpige picha, umrudishe," nikasema.

"Picha haitoshi. Watasema ni wa mitaroni. Lazima nimpasue."

"Kama yuko peke yake?"

"Palipo na mmoja wako wengine. Siku zote iko hivyo."

Nilimshika kifundo cha mkono. Aliniangalia kwa mshangao wa mtu aliyezuiwa kufanya kazi yake, nami nikamwachia. Nimemwachia maisha yake yote, hata siku ile nikamwachia.

Akampasua. Alikuwa yeye, konokono wa jina langu, bila shaka yoyote. Siku ya mwisho tulitafuta mpaka vidole vikakunjamana, tusipate kitu. Kwenye kikao cha kuamua kibali, wakili wa kiwanda alisoma ripoti taratibu, akavua miwani.

"Daktari, huyu konokono yuko wapi sasa?"

Mdogo wangu akatoa kichupa cha spiriti mfukoni na kukiweka mezani.

"Na mwingine aliye hai umemwona?"

Ukumbi mzima ulimwangalia. Neno moja tu lingetosha. Nilikuwa mstari wa mbele, akaniona.

"Sikumwona," akasema.

Kibali kilitoka kabla ya mvua. Kilima kimeliwa nusu, chemchemi imekauka, na kitalu changu sasa ni vumbi na mifuko ya plastiki. Mdogo wangu anafanya kazi mbali, anatangulia mbele ya matingatinga mengine. Kichupa alinipa mimi nikitunze, akaona ananifariji. Ndani kuna karatasi aliyoiandika kwa penseli, kwa sababu spiriti hufuta wino: tarehe, mahali, na jina langu.

Spiriti hupungua yenyewe, inabidi iongezwe. Mwaka huu amenipigia mara mbili kunikumbusha.

"Usimwache akakauka, Dada. Hakuna mwingine."

Nimemwambia nimeongeza. Sijaongeza.