Kisima cha Dekow Kwenye Bango

Hakuna mtu mtaani aliyekiita kile kisima kwa namba yake ya ofisini. Kilikuwa kisima cha Dekow, basi. Dekow alipofariki, mkewe Arbia na nduguye Abdilatif walikichimbisha kiwe sadaka ya kudumu: kila anywaye, thawabu imfikie marehemu kaburini. Maji yalikuwa matamu, na jina la ukoo likawa tamu vinywani mwa watu.

Kisha Mto Tana ukafurika, vyoo vya mtaa vikafumuka, na ofisi ya maji alikofanya kazi Arbia ikapima kisima na kukuta vijidudu vya kipindupindu. Mkubwa wake alimpa tangazo lililosema habari za "chanzo namba kumi na saba" na "viwango vya kibayolojia". Arbia aliliweka kando. Tangazo lingesomwa kwa kipaza sauti juu ya gari, na gari likipita mtu hudaka sentensi moja tu. Kila sentensi ilibidi ijitosheleze. Akaandika:

"Usinywe maji ya kisima cha Dekow. Mafuriko yameingiza choo katika kisima cha Dekow. Kama huna maji mengine ila ya kisima cha Dekow, yachemshe yatokote."

Watu wakaacha kuteka.

Sasa shirika moja la Nairobi linalotuza lugha nyepesi lilikuwa limelichagua tangazo hilo. Arbia angelisoma mbele ya watu ukumbini, kisha lichapishwe kwenye bango kubwa na kutundikwa kwenye njia panda, mkabala na lango lake.

Abdilatif alifika baada ya Alasiri. Hakukubali kuketi.

"Dumaashi," alimwita, kama Wasomali wamwitavyo shemeji, "Nairobi wanakupa zawadi kwa kumtia ndugu yangu chooni?"

"Wananipa kwa kueleweka."

"Ungeandika namba!"

"Wewe unaijua namba yake?"

Abdilatif hakuijua. "Kila aliyekunywa alimpelekea Dekow thawabu. Wewe umemfungia mlango."

"Na aliyeugua, alimpelekea nini?"

"Kataa hiyo zawadi, Arbia. Watoto wako wanaitwa kwa jina hilo."

Usiku ule usingizi ulimpaa Arbia. Asubuhi alimpigia simu Ruweyda, binti wa lile shirika, akamwomba walitoe jina.

"Mama, jina ndilo lililoshinda," Ruweyda alisema. "Bila jina, ni tangazo kama mengine."

"Basi nijitoe?"

"Ukijitoa, mama, watu watauliza kwa nini."

Arbia alijua jibu watakalojipa: tangazo lilikuwa la uongo. Tayari wanawake walianza kunong'ona kwamba maji ya Dekow hayawezi kuua mtu, na kisima kilipopimwa tena kilikuwa kichafu vilevile. Akikataa, madumu yatarudi kisimani. Akikubali, jina alilolilinda tangu eda litaning'inia barabarani pamoja na neno choo. Kokote alikogeuka, alikutana na Dekow.

Siku ya tuzo Abdilatif aliketi safu ya mbele, bakora katikati ya magoti. Arbia alisimama kwenye kipaza sauti.

"Usinywe maji ya kisima cha Dekow."

"Allah ha u naxariisto," ukumbi mzima uliitikia. Mungu amrehemu. Marehemu hatajwi akaachwa hivihivi.

Wageni wa Nairobi walitazamana. Arbia aliendelea, na kila alipolitaja jina, dua ilipanda. Mara ya tatu midomo ya Abdilatif nayo ilicheza. Hangeweza kumnyima ndugu yake dua mbele za watu.

Nje, alimngoja kwenye kivuli cha ukuta.

"Wamemwombea," Arbia alisema.

"Wamemwombea, ndiyo. Na kesho watapita chini ya bango wakicheka." Aligonga bakora chini. "Litakaa mpaka lini?"

"Mpaka maji yatakate."

"Yasipotakata?"

Ng'ambo ya barabara, vijana walikuwa wameshapanda ngazi na kamba mkononi. Jina lilikuwa kubwa kuliko maneno mengine yote. Hata kutoka kitandani kwake, dirisha likiwa wazi, Arbia angelisoma.

"Basi litakaa," alisema, akavuta shungi lake na kuelekea nyumbani, njia ikiwa ni ile moja tu, chini ya bango.