Matete Yaliyokatwa Chini ya Maji

Mzee Gasto wa karibu na msitu wa Mgori hakumwamini mtu yeyote aliyesogelea matete yake kule bondeni. Aliachiwa matete hayo na baba yake, na ndiyo yaliyomlisha maisha yote. Enzi zile kila ua ulikuwa wa matete, na mtama ulianikwa juu ya majamvi ya matete. Siku hizi ni mabati na maturubai, na kanuni ya kukata imetupwa. Kanuni yenyewe nyepesi: acha kisiki kionekane juu ya maji. Tete lina uwazi ndani, na mizizi inapumulia humo. Ukilikata chini ya maji, mzizi unakosa pumzi na kuoza.

Mwaka huu, mvua zikikaribia, alipapasa majini kwa mguu akagusa visiki. Akajua papo hapo: Tamimu, mnunuzi wa mjini anayesifia matete marefu ya dari. Au vibarua wa Tamimu. Au mwenyekiti wa kijiji, mbona alicheka vile mkutanoni?

Asubuhi akajibanza na punda wake nyuma ya kichuguu. Aliposikia mundu, akachomoka na fimbo.

"Mwizi wewe, toka!"

Majini alisimama Kristina, mke wa mwanawe Urbano, khanga kaikunja juu ya magoti.

Gasto akageuka kama aliyeungua. Mkwe haangaliwi hivyo, wala hasemeshwi ana kwa ana akiwa katika hali ile. Akamkabili punda.

"Punda, nani kakufundisha kukata hivyo? Unayaua matete."

Sauti ikatoka nyuma yake: "Punda, mwambie baba shikamoo. Mwambie hakuna aliyenifundisha. Urbano yuko machimboni, na baba hawezi kuingia majini na mimi."

"Marahaba. Punda, kisiki kibaki juu ya maji. Tamimu ndiye kakutuma?"

"Tamimu ananunua tu, punda. Wanaokula ni wajukuu wake baba."

"Basi kata juu."

"Nakata juu, baba." Akajichekea. "Namwambia punda."

Mundu ukaanza tena. Juu au chini? Shingo ilimwasha Gasto kwa hamu ya kutazama, lakini hakugeuka. Akamswaga punda nyumbani.

Mvua ikaja, maji yakafunika kila kitu. Yalipopungua, Gasto akashuka bondeni. Upande ule ulikuwa maji matupu, isipokuwa pembeni, pale Kristina alipomalizia kukata asubuhi ile. Hapo matete yalikuwa yamechipua.

Gasto akayazungushia miiba, kisha akaketi na fimbo yake, macho kwenye njia ya kutoka mjini.