Nundu ya Mbambakofi Yenye Mapango

Ta-ta-ta, ta-ta-ta. Ndiyo sauti ya patasi ikipita juu ya tundu la mti unaozunguka, na hadi leo naisikia waziwazi. Ndiyo iliyonipokea siku ya kwanza kazini, katika karakana moja ya Changamwe, miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, nina buibui jipya na ndoto nyingi kuliko akili. Niliajiriwa kupiga msasa.

Kazi yenyewe vijana wa leo hawaijui. Kerezo ni mashine inayozungusha mti, fundi akauchonga kwa patasi hadi ukawa mviringo. Sisi tulikereza nundu, yale mavimbe yaotayo kwenye shina la mbambakofi. Nyuzi zake zimejisokota kama nywele zisizopata chanuo, na katikati mna mapango aliyoyaacha Mungu mwenyewe. Kutoa humo chombo chenye tumbo pana na mdomo mwembamba kwataka sikio, maana ndani huoni kitu. Ukuta ukiwa mnene, sauti ni nzito. Ukikonda, sauti yapanda. Ukipitiliza kidogo tu, chombo hupasuka na vipande vikakutafuta uso.

Nilitazama miezi sita, kisha nikamwendea Nyapara kuomba nifundishwe.

"Mwanamke na kerezo?" akacheka. "Buibui likinaswa, Mwanaisha, tutakukereza wewe tukuuze mtungi!"

"Buibui nitalivua mlangoni," nikamjibu, "kama wewe unavyovua adabu."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Fundi Mkuu, mzee wa Likoni asiyesema ila kwa sababu, akazima mashine yake.

"Njoo, mwanangu."

"Abee, fundi."

"Chukua nundu ile. Ikipasuka, utarudi kwenye msasa, na habari hii nisiisikie tena. Umekubali?"

"Nimekubali, inshallah."

Wallahi, ilikuwa nundu mbovu kuliko zote, imeliwa na mapango kila upande. Siku ya tatu sauti ikaanza kupanda.

"Bado mnene huo, endelea," Nyapara akasema.

Fundi Mkuu akaniuliza tu, "Sikio lakwambiaje?"

Nikasimamisha mashine. Nikapenyeza kidole ndani: ukuta ulikuwa mwembamba kama kifuu.

Ikabaki kufukiza. Desturi yetu ilikuwa kukifudikiza chombo juu ya chetezo cha ubani, ili moshi uyafichue matundu yaliyojificha, kisha tuyazibe yote kwa sandarusi na unga wa mbao. Bwana Meneja, Mzungu wa karakana, hakutaka chombo kitoke na tundu. Lakini moshi wa changu ulitoka nyuzi nyuzi, kila tundu na uzi wake, hata Nyapara akasogea kutazama.

"Fundi, kisizibwe," nikamwomba. "Mtu akitia asumini humo, chumba kizima kitanukia."

Akanipokonya sandarusi, akairudisha rafuni. "Bwana Meneja nitasema naye mimi. Na kesho usishike msasa."

Nilikereza kando yake hadi tulipopata uhuru. Bwana Meneja akarudi kwao, na mmiliki mpya wa karakana alitaka vitanda tu. Fundi Mkuu alikwenda zake Likoni, na haukupita mwaka nikaletewa habari za msiba. Mimi nikapika shuleni hadi nikastaafu, na sasa nakaa Mjambere. Silalamiki, nimecheka sana maishani. Ila harufu ya mbambakofi mbichi naitamani mpaka kooni. Na kile chombo changu kilinunuliwa na mfanyabiashara mmoja wa mjini, sijakiona tena. Nikialikwa arusini, bado macho hunipotea kwenye rafu za watu.

Siku yangu ya mwisho karakanani, wenzangu walipokwisha kuagana, nilibaki peke yangu. Kerezo langu lilikuwa limeuzwa, lori lije asubuhi kulichukua, wala sikuambiwa linakwenda kwa nani. Nikalitoa unga wa mbao kila pembe, nikalitia mafuta kila kiungo, nikalizungusha kwa mkono taratibu, hadi likateleza bila kukwaruza.