Shitingi Chini ya Sakafu

Jirani yangu wa kambi ya Rubondo, fundi mbao kama mimi ila nimemzidi miaka sita, alijenga nyumba ya magurudumu. Alichukua ekseli ya gari lililokufa Mbarara, akaiwekea sakafu ya plaiwudi, kuta, na dirisha dogo lenye pazia. Alitaka trela hilo livutwe na pikapu soko hadi soko mpaka Biharwe, auze mitumba na mkewe, walale humohumo. Wazo kama hilo nilikuwa nalo kichwani miaka mingi. Tofauti ni kwamba lake lilikuwa na magurudumu.

Wivu ulinikaba. Mke wangu alikwenda kulitazama, akarudi akaongea habari za pazia mpaka ugali ukapoa. Watoto wakaliita hoteli. Mimi nililiita sanduku.

Ilibaki kuzuia maji chini ya sakafu, akaniita nimkagulie. Alikuwa ameshapigilia shitingi, lile turubai la plastiki tulilopewa siku tulipofika kambini. Wakimbizi tunaiamini shitingi kuliko bati, maana ndiyo iliyowakinga watoto wetu na mvua ya kwanza. Nikalala chali chini ya trela, nikapapasa. Misumari ilikuwa imepangwa vizuri kunishinda mimi.

“Yaya, weye unajua mbao kunipita,” akasema, akiniheshimu kama kaka mkubwa. “Maji itaingia?”

“Haiwezi kuingia. Iko muzuri.”

Nilijua si kweli. Baba yangu alitengeneza mitumbwi huko Ziwa Tanganyika. Alinifundisha kwamba ubao hupakwa lami, kingo kwanza, kisha huachwa upate hewa. Shitingi ingezuia maji ya barabarani, lakini yale ya mvua yatakayopenya kutoka juu kwenye maungio ya kuta na sakafu ingeyashika hapohapo, mbao zioze. Nikainuka, nikakung'uta vumbi, nikaenda zangu.

Masika hayakuwa yameisha. Mchana mmoja, sokoni Biharwe, sakafu ilikatika, mkewe akatumbukia na robota la nguo mgongoni. Mguu ukavunjika. Jirani alipoichana shitingi, maji meusi yalimwagika beseni zima.

Hakunilaumu. “Shitingi ilitudanganya, Yaya,” akasema. “Nisaidie tena.”

Nikang'oa sakafu yote, nikaweka mpya, nikaipaka lami mara mbili kwa uangalifu ambao hata nyumba yangu haijawahi kuupata.

Mkewe alipoanza kutembea kwa mkongojo, walisimama kanisani kutoa shukrani. Jirani akaniita mbele: ndugu huyu ndiye aliyeokoa kazi yetu. Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikafungua mdomo, nikasema, “Bwana asifiwe.”

Watu wakawapigia makofi wao, kisha wakanipigia mimi. Yao yalikuwa mengi zaidi, nami nikarudi kwenye benchi langu nimenuna.