Waya Kati ya Kompyuta Mbili

Kila ninaposikia harufu ya vumbi lililopata moto ndani ya kompyuta, narudi sebuleni kwetu, mtaa wa Area D. Kompyuta kuukuu ya mama ilikuwa ikijizima ovyo, na ripoti ya ofisini ilikuwa humo. Baba aliiunganisha na yake kwa waya ili aihamishe ripoti, lakini kompyuta hizo hazikuonana.

"Saa kumi mgao unaanza, umeme utakatika, na hii ikizimika huenda isiwake tena," mama alisema. "Ikipotea ripoti, kazi sina."

Nilikandamiza kwa kidole kichwa cha waya kilichokuwa kimelegea, na jina la kompyuta ya mama likatokea kwenye ya baba.

"Shikilia hapo hapo, mwanangu," baba alinong'ona.

Kidole kilikufa ganzi. Ripoti ilipofika yote, mama aliinamia meza akalia, na baba, ambaye sikuwahi kumwona akimgusa mbele yetu watoto, akamshika bega.